Kucheza Majini na Kwenye Tope Bila Kutetemeka: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali huwa ni yaleyale. Mbona natetemeka na jua linawaka? Mbona ndani ya tope niko sawa, nikitoka tu meno yanaanza kugongana? Nikishapoa, nioge maji ya moto papo hapo au nisubiri? Mwongozo huu ni wa yeyote anayecheza na mpira wa kumwagilia maji uani, anayejigaragaza kwenye tope, anayeingia mbio za vikwazo zenye madimbwi, au anayemwagiana uji wa wanga na povu na wenzake. Hatua zenyewe zimepangwa kwa mtu mzima mwenye afya. Watoto wana sehemu yao huko chini, na mwenye ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na daktari wake kuhusu maji ya baridi.

Shika jambo moja kabla ya yote: baridi inayoharibu mchezo haikukuti sana ukiwa unarukaruka. Inakukuta umesimama, umelowa, upepo unakupiga, na taulo hujui uliliacha wapi. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kupanga namna ya kutoka kabla hujaingia.

Sababu, kwa ufupi

Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Ngozi yako ina joto la nyuzi 33 hivi. Maji hupitisha joto takribani mara 24 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana hewa ya nyuzi 25 ni raha tupu ilhali maji ya nyuzi 25 humtetemesha mtu aliyekaa tu.

Adui wa pili ni kukauka. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Lita hiyohiyo ikigeuka mvuke inataka kilojuli 2,400 hivi, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye mwili wako. Fulana na suruali za pamba zilizolowa chepechepe hubeba lita moja bila shida, na upepo huharakisha kazi hiyo.

Tope zito lina tabia yake. Halitiririki, kwa hiyo safu inayogusa ngozi hupata joto lako na kubaki palepale, nawe unajiona umefunikwa blanketi. Ukitoka, safu hiyohiyo inaanza kukauka na kukunyonya joto. Tope jepesi linalotiririka halikupi hata huo muda wa starehe. Lihesabu kama maji tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha maji. Kile cha kupimia maji ya kumwogeshea mtoto kinatosha. Usitegemee mkono: ukishapoa, maji ya nyuzi 30 utayaona ya moto.
- Taulo mbili kwa kila mtu, moja ya mwili na moja ya kichwa.
- Seti nzima ya nguo kavu, pamoja na soksi na kofia, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Koti au joho pana la kuzuia upepo, la kuvaa juu ya nguo zilizolowa wakati wa mapumziko.
- Lita 10 hadi 15 za maji ya vuguvugu za kuoshea kila mtu mzima, kwenye ndoo zenye vifuniko.
- Kinywaji cha moto chenye sukari kwenye themosi.
- Kitu cha kukanyagia: mkeka wa sponji, kipande cha zulia, hata boksi lililokunjuliwa.
- Saa, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuiangalia.
- Kipande cha plastiki kilichonyooka ukingo, cha kukwangulia tope. Mfuniko wa kopo ukiukata vizuri unafaa.

Kuhusu nguo za kuchezea: pamba iache, hasa suruali ya jinzi. Inanyonya, inakuwa nzito, inagandamana na ngozi, na haikauki. Poliesta au nguo ya kuogelea hushika maji machache. Sufu hubaki na joto kiasi hata ikilowa, ila tope huing'ang'ania na kuifua ni shughuli. Kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 20 na mchezo wa zaidi ya nusu saa, suti ya neopreni (mpira laini wenye vipovu, kama ya wapiga mbizi) ya milimita 3 ndiyo inayobadilisha hali kabisa. Hiyo huruhusu maji machache kuingia, kisha huyazuia yasibadilishwe, na mwili unayapasha. Lakini lazima ibane. Ukiweza kuivuta kwa vidole viwili kiunoni na mgongoni ikaacha mfuko, maji mapya yatakuwa yanapita humo kila unapoinama, na ni kama hujavaa kitu.

Hatua kwa hatua

1. Pima maji, kisha amua muda. Vipimo hivi ni vya kazi, kwa mtu mwenye nguo nyepesi:

- Nyuzi 33 hadi 36: unaweza kukaa na kulala humo bila haraka.
- Nyuzi 28 hadi 32: sawa kwa mchezo wa wastani. Anayekaa tu ataanza kupoa.
- Nyuzi 22 hadi 27: cheza kwa kujisogeza, vipindi vya dakika 15 hadi 20.
- Nyuzi 15 hadi 21: dakika 5 hadi 10, au vaa neopreni.
- Chini ya 15: huo si mchezo wa anayeanza. Maji ya namna hiyo hukatisha pumzi ghafla.

Upepo ukiwepo, shuka daraja moja. Usisahau kwamba maji ya bombani hufuata baridi ya ardhi ambamo mabomba yamepita, hata siku ya jua kali. Ila yale yaliyolala ndani ya mpira juani yanaweza kuunguza, basi yamwage chini kwanza mpaka yatoke ya kawaida ndipo umwelekeze mtu.

2. Pasha maji au tope. Hapa ndipo wengi hukisia na kuambulia ama barafu ama kuungua. Hesabu ni rahisi: lita za maji ya baridi mara joto lake, jumlisha lita za maji ya moto mara joto lake, gawanya kwa jumla ya lita. Lita 20 za nyuzi 20 ukizichanganya na lita 10 za nyuzi 60 unapata (400 + 600) ÷ 30, yaani nyuzi 33 na kidogo. Chombo chenyewe na hewa vitachukua nyuzi moja au mbili, kwa hiyo lenga juu kidogo ya unachotaka.

Ukitengeneza tope, pasha maji na si udongo. Udongo mkavu hauna njaa kubwa ya joto: kilo 10 za udongo wa mfinyanzi zenye nyuzi 20 hushusha lita 20 za maji ya nyuzi 45 kwa nyuzi mbili au tatu tu. Weka maji ya moto kwanza, nyunyiza udongo kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko mrefu au jembe, na uchanganye mpaka chini kabisa. Tope zito halichanganyiki lenyewe. Juu panaweza kuwa nyuzi 34 na chini kuna donge la 50. Pima sehemu tatu au nne, kwa kina tofauti. Anza mchezo likiwa nyuzi 36 hadi 38, na usivuke 40.

Onyo: kamwe usimimine maji ya moto wakati mtu yumo ndani. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na kwenye tope mtu hawezi kujitoa haraka. Wote watoke, mimina, koroga, pima, ndipo warudi.

Shimo lililochimbwa ardhini hupoteza joto kwa chini. Tandika mkeka wa sponji kwanza, turubai juu yake, kisha tope. Kidimbwi cha plastiki kisicho na kina hupoa kwa juu, kwa hiyo kifunike kwa nailoni hadi dakika ya kuingia. Ukikijaza asubuhi, ukakifunika na kukiacha juani, mara nyingi utapunguza sana maji ya moto unayohitaji, maana joto la jua litakuwa haliishii kwenye mvuke.

Uji wa wanga, rangi na vitu vya kumwagiana vitoe kwenye friji mapema. Viweke kwenye vyombo vilivyofungwa, uvitumbukize ndani ya beseni la maji ya nyuzi 45 kwa saa nzima, ukibadilisha maji mara moja katikati. Povu la kunyolea hutoka kwenye kopo likiwa la baridi kwa sababu gesi yake inapotanuka inapoa. Litoe kwenye bakuli, liache dakika kumi. Kopo lenyewe usilipashe moto, linaweza kupasuka.

3. Tengeneza kituo cha kutokea. Kiwe hatua chache kutoka mchezoni, mahali pasipo upepo: nyuma ya ukuta, ndani ya hema, au pembeni ya turubai lililotundikwa. Tandika mkeka. Pakia nguo kavu kwa kinyume cha utakavyovaa, ili ya kwanza kuvaliwa iwe juu kabisa. Fungua vifungo na zipu zote sasa, maana vidole vyenye ganzi havifungui kifungo. Chagua nguo za kutumbukiza kichwani na suruali ya mpira kiunoni. Hii hatua ya dakika tano ndiyo watu huiruka, na ndiyo huwatofautisha wanaotoka wakicheka na wanaotoka midomo imewageuka rangi.

4. Kula, kunywa na kwenda haja. Kula chakula cha kushibisha saa moja au mbili kabla, kwa sababu mwili wenye njaa hutetemeka vibaya. Haja ndogo nenda kabla ya kuvaa. Baridi hurudisha damu katikati ya mwili na figo huanza kutoa mkojo mwingi, kwa hiyo hamu ya kukojoa kila dakika kumi si ugonjwa. Pombe acha. Hupanua mishipa ya ngozi, unajisikia joto huku joto lenyewe likitoroka.

5. Ingia polepole. Lowesha mikono, shingo na uso, kisha ingia hadi magoti, hadi kiuno, ndipo kifua. Maji yakiwa ya baridi utahema ghafla na pumzi zitakimbia kwa dakika moja hadi tatu. Usirukie na usizamishe kichwa katika muda huo. Simama, shika kitu, toa pumzi ndefu kupitia mdomoni mpaka itulie. Vivyo hivyo kwenye kumwagiana ndoo: anza miguuni, kisha mgongoni. Ndoo ya baridi kichwani kwa mtu asiyejiandaa ni kumtafutia kuvuta maji.

6. Cheza kwa vipindi. Dakika 15 za kwanza ni za kujipima. Toka, jisikilize, rudi. Wakati wa mapumziko usivue nguo zilizolowa kama utarudi baada ya dakika tano. Vaa lile koti la upepo juu yake na uendelee kutembea. Koti linazuia mvuke kuondoka, na hapo ndipo joto lako linabaki. Kama mapumziko yatazidi dakika kumi, vua na ujifute.

Anayeketi kwenye tope akipigwa picha hupoa upesi kuliko anayekimbizana. Zamu za kukaa ziwe fupi.

7. Toka ukiwa bado na joto kidogo. Dalili za kutoka: vinyweleo vimesimama na havilali, vidole vya mikono havigusani sawasawa (jaribu kugusanisha kidole gumba na kidole kidogo), kutetemeka usikoweza kukuzuia hata ukijikaza. Ukisema "bado dakika mbili" baada ya hapo, umechelewa, kwa sababu mwili huendelea kupoa ndani hata baada ya kutoka.

8. Kwangua tope kwanza, osha baadaye. Kosa la kawaida kuliko yote ni kukimbilia mpira wa maji ya baridi. Tope zito linachukua dakika kumi kuisha kwa mpira, na hizo ndizo dakika kumi mbaya kuliko mchezo mzima. Badala yake, ukiwa ndani ya kinga ya upepo, pitisha mkono au plastiki kutoka begani kwenda chini, kifua, mgongo (omba msaada), mapaja, miguu. Sehemu kubwa ya tope huondoka hivyo, bila tone la maji.

Sasa vua nguo za mchezo. Ukiziosha mwilini unapoteza maji ya vuguvugu bure, maana nguo ndizo zinazoyanywa. Kisha chota kutoka ndoo ya kwanza, nyuzi 37 hadi 39, kichwa kwanza kisha kushuka. Ndoo ya pili ni ya kusuuza tu. Tope lililobaki masikioni na chini ya kucha liache mpaka ufike bafuni.

9. Jikaushe na uvae kwa mpangilio. Kichwa na shingo, funga taulo kichwani. Kifua na mgongo, vaa fulana na sweta mara moja. Kisha simama juu ya mkeka, kausha chini, vaa suruali, soksi, kofia. Bonyeza taulo kwenye ngozi badala ya kusugua. Ngozi iliyopoa hukwaruzika bila wewe kuhisi, na chembe za mchanga hufanya kazi ya msasa.

10. Jipashe taratibu. Kwa dakika 10 hadi 30 za mwanzo huenda ukajiona unapoa zaidi, kwa kuwa damu ya mikono na miguu iliyopoa inarudi katikati. Ni kawaida. Kunywa kile kinywaji cha moto, tembeatembea, kula kitu kitamu. Ukitumia chupa ya maji ya moto, izungushie kitambaa na uiweke kifuani au kwapani. Bafu la moto lisubiri mpaka utetemekaji uishe: maji ya moto hufungua mishipa ya ngozi ghafla, shinikizo la damu hushuka, na kuna wanaozimia humo. Isitoshe, vidole vyenye ganzi haviwezi kukuambia kwamba maji yanaunguza.

Watoto

Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoa upesi kuliko wewe uliye pembeni na sweta. Wala hatakwambia, mchezo ni mtamu. Muda wa vipimo vya hatua ya 1 ukate nusu. Usipime mikono yake, ambayo itakuwa baridi vyovyote vile: ingiza kiganja chako kikavu mgongoni au kifuani. Pakiwa baridi, mchezo umeisha kwa sasa. Midomo ya buluu, kunyamaza ghafla, kulialia bila sababu, au kuganda mahali pamoja mikono imekunjwa kifuani, vyote vina jibu moja: mtoe, mkaushe, mvishe, mpe kitu cha moto. Usimwulize kama anataka kutoka.

Mambo yakienda mrama

*Tope lilikuwa la moto, baada ya nusu saa limekuwa barafu.* Ama lilikuwa chache, ama halikuwa na mkeka chini. Lita 30 hupoa upesi, lita 200 huvumilia. Lifunike kila mnapopumzika, na uwe na ndoo ya akiba ya maji ya moto ya kuongeza wote wakiwa nje.

*Nimejipaka mafuta mazito na bado nasikia baridi.* Mafuta hayazuii baridi. Yanapunguza mikwaruzo na hufanya tope liachie kwa urahisi, basi. Endelea kuyapaka kwa sababu hizo.

*Vidole vyangu huwa vyeupe kabisa kisha buluu, hata baridi ikiwa ndogo.* Mishipa ya vidole vyako hujibana kupita kawaida. Vaa glavu za neopreni, cheza kwenye maji ya vuguvugu tu, na umweleze daktari.

*Nimevaa kofia na kichwa kina joto, ila mwili unatetemeka.* Ile kauli kwamba joto jingi la mwili hupotea kupitia kichwani si kweli. Kichwa hupoteza kwa kadiri ya ukubwa wake, kama asilimia 10 hivi. Funika kiwiliwili kwanza.

*Miguu ndiyo inayoniua.* Angalia unachokanyaga. Saruji iliyolowa hunyonya joto kwa nyayo. Viatu vya neopreni ndani ya mchezo, mkeka nje.

*Nilijikausha vizuri na bado nimetetemeka saa nzima.* Huenda ulivaa nguo kavu juu ya chupi iliyolowa, au nywele ziliachwa majimaji. Kagua hayo mawili. Kama ni makavu, uliingia na njaa au ulichelewa kutoka.

*Mwenzetu anajikwaa, anaangusha vitu, maneno yanakokoteka, na amekuwa mkali au mzito wa kuelewa.* Acheni mchezo. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni hali ya kitabibu. Anayetetemeka kwa nguvu huku akijibu sawasawa mnaweza kumkausha, kumvisha na kumnywesha kitu kitamu cha moto. Aliyeacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, anasinzia au haeleweki, pigeni simu ya dharura mara moja. Mlazeni, mtengeni na ardhi kwa mikeka, mvueni nguo zilizolowa kwa upole (kateni ikibidi), mfunikeni kwa nguo kavu pamoja na kichwa, na juu kabisa zungushieni nailoni au turubai mkiacha uso wazi. Msimsugue mikono na miguu, msimtembeze, msimwingize kwenye maji ya moto, wala msimpe kinywaji akiwa anasinzia. Kaeni naye mkiangalia pumzi zake mpaka msaada ufike. Zikikata, anzeni kumkandamiza kifua.